Seva ya Maziwa na Masasisho ya Saa Nane Usiku

Kuna Linux ya wenye subira na kuna Linux ya wenye haraka. Ya wenye subira ni Debian na wenzake: mafundi hukusanya programu, huzigandisha kwa miezi, huzipekua wakisaka kasoro, kisha baada ya takriban miaka miwili hutoa toleo moja lenye jina la mhusika wa filamu ya Toy Story. Ya wenye haraka haina matoleo. Programu ikitoka kwa mtungaji wake leo, kesho kutwa iko kwako, na mashine unayoamka nayo si ile uliyolala nayo. Arch Linux, iliyoanzishwa na Mkanada Judd Vinet mwaka 2002, ndiyo inayovuma zaidi katika kundi hili. Ni nzuri sana. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata yatamfanya msomaji anishuku.

Ni nzuri, ila sidhani Vinet aliwahi kuiwaza ikiwa Molo, ndani ya stoo ya ushirika wa maziwa, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe na mizani iliyokufa, ikitunza hesabu za wakulima wanaotaka kujua jambo moja tu: nimeleta kilo ngapi na nitalipwa lini.

Aliyeiweka hapo ni kijana aliyenitangulia kazini. Simtaji jina kwa kuwa mama yake ni mwanachama na hupiga kura. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mtu wa kukuambia anatumia Arch kabla hujamaliza kumjulia hali. "Habari ya asubuhi?" "Njema, natumia Arch." Akapata kazi Nairobi, na katika kukabidhiana akaniachia ufunguo wa stoo, daftari la nywila ambalo nusu yake ilikuwa imelowa chai, na maneno haya: "Usijali, mkubwa. Inajisasisha yenyewe."

Nilidhani ananifariji.

Kwanza niseme wema wa mahali. Molo iko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai ukungu hushuka mpaka ukashindwa kuona lori la maziwa lililosimama mlangoni huku likinguruma. Nairobi watu hulipia stima ya kupoza seva zao. Sisi hufungua dirisha. Taabu yetu ni kinyume: jiko la chai likishazimwa, seva ndiyo kitu pekee chenye joto katika jengo zima, na askari wetu wa usiku alikuwa amelijua hilo zamani. Siku yangu ya kwanza nilikuta soksi mbili za sufu zimeanikwa nyuma ya mashine, juu kabisa ya matundu yanayotoa hewa moto, moja imegeuzwa nje ndani ili ikauke vizuri. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine nayo inahitaji kupumua.

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, si inapumua? Ndiyo maana soksi zinakauka."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya kwaheri. Kijana alikuwa ameipangia mashine ratiba: kila usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane, iamke, iite pacman, ambayo ndiyo programu ya Arch ya kuleta vifurushi, ilete kila kipya kilichopo duniani, na kila swali litakaloulizwa lijibiwe ndiyo. Hakuna macho ya binadamu yaliyohusika. Kwa wiki nyingi mambo yalikwenda salama, na mimi nikawa nawaambia wenzangu kuwa mashine hii haina matata.

Hesabu zetu zinakaa ndani ya PostgreSQL, hifadhidata imara isiyolipiwa. PostgreSQL hutoa toleo kubwa mara moja kwa mwaka, aghalabu Septemba au Oktoba, na data iliyoandikwa na toleo kubwa la zamani haisomwi na jipya mpaka uihamishe wewe mwenyewe. Kwenye Debian ukisasisha unabaki na toleo kubwa ulilo nalo. Na siku ukihamia Debian mpya, hifadhidata ya zamani na ya sasa hukaa pamoja ndani ya mashine, uhame ukiwa tayari. Arch hukupa jipya pale pale, hukuwekea la zamani katika kifurushi cha pembeni kwa ajili ya kuhamia, halafu huamini kwamba wewe ni mtu mzima na umesoma. Mtu mzima wetu alikuwa Nairobi.

Toleo kubwa liliingia saa nane za usiku. Jumatatu iliyopambazuka ilikuwa siku ya malipo.

Karani alifika, akawasha kompyuta yake, akabonyeza orodha ya wanachama, akapata ukurasa mweupe. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kwa imani ile ya Wakenya wote kwamba kitufe kikisukumwa vizuri husikia. Mimi nikaingia stooni nikasoma kumbukumbu za mashine: hifadhidata ilikuwa inasema, kwa heshima zote, kwamba folda hii iliandaliwa na toleo lingine na hawezi mtu kuilazimisha kuifungua. Data ipo. Haijapotea hata tone. Ila haifunguki.

Nje foleni ilikwisha kufika kwenye lango. Buti za mpira, makoti mazito, miavuli. Huwezi kuwaambia watu waliokama saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Molo kwamba maziwa yao yako salama lakini muundo wa folda hauoani. Nikatoka hata hivyo, nikamwendea cucu mmoja aliyekuwa mbele kabisa, kwa kuwa sura yake ilionyesha uvumilivu.

"Cucu, kompyuta ina shida kidogo leo."

"Kompyuta yenu," akasema. Akaingiza mkono ndani ya kikapu, chini ya sukumawiki, akatoa daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti. "Yangu hii hapa."

Nikalifungua. Kila siku ilikuwa na mstari wake: kilo za asubuhi, kilo za jioni, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, chakula cha ng'ombe alichochukua kwa mkopo na ada ya daktari wa mifugo. Siku ambazo lori halikufika kwa sababu ya matope alikuwa ameandika "matope". Hakuna seva niliyowahi kuitunza yenye kumbukumbu safi namna hiyo. Tukauliza foleni: nani mwingine ana daftari? Karibu nusu wakainua mikono, na waliosalia wakawa na jirani anayewajua. Karani akalipa malipo ya awali kwa kutazama madaftari, akisaini kila ukurasa, na ikawa shwari kuliko malipo mengi tuliyowahi kufanya kwa umeme.

Jioni, nikifuata maelezo ya ArchWiki, nikaihamisha data. Sharti niisifu ArchWiki hapa: ni miongoni mwa maandishi bora ya Linux yaliyopo, na hata watu wa Debian huenda kuchungulia humo mchana kweupe. Hifadhidata ikafunguka. Kwa udadisi nikalinganisha hesabu zetu na za cucu. Zililingana, isipokuwa asubuhi moja ambayo sisi tulikuwa tumemsahau.

Mwenyekiti akatoa amri: "Hiyo mashine isiguswe tena. Hata vumbi lake liacheni." Ratiba ya usiku ikafutwa.

Msomaji wa Molo ameshaona hatari ya amri hiyo. Linux ya namna hii ni ng'ombe wa maziwa. Anakamwa asubuhi na jioni, iwe Krismasi, iwe msiba. Huwezi kumwacha tangu viazi vinapopandwa hadi vinapovunwa, kisha uje na madebe ukame maziwa ya miezi yote kwa mkupuo. Utakuta kiwele kimevimba na mguu wa nyuma uko tayari kukujibu. Nilijaribu kulisema hilo kikaoni. Nikaambiwa kompyuta haina kiwele.

Ila kabla ya kuvimba yalitokea yaliyomfanya mwenyekiti nabii. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux, kumefichwa mlango wa nyuma. Freund si mtu wa usalama wa mitandao. Ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, ile ile yetu. Alikuwa akipima mambo yake akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Sisi hapa tukichelewa nusu saa twasema tumewahi. Akaifuata nusu sekunde hiyo mpaka akaufikia mlango. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijipendekeza kwa mtunzaji wa programu hiyo aliyekuwa amechoka, akimsaidia kazi, mpaka akakabidhiwa funguo. Matoleo mabovu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1, nayo yalikuwa yamekwisha kuwafikia watu wa haraka: openSUSE Tumbleweed, Fedora ya majaribio, Arch, na Debian isiyotulia, ile inayopokea programu mpya kabla hazijapekuliwa. Debian ya subira haikuguswa. Ilikuwa bado iko nyuma, inapekua.

Habari hiyo ilimfikia mwenyekiti kwa WhatsApp, kutoka kwa mwanawe aliye Marekani. Akanipigia nikiwa natoka kanisani.

"Hicho kitu kimeingia kwetu?"

Nikaenda stooni na nguo zangu za Ijumaa Kuu, nikazisogeza soksi, nikatazama. xz yetu ilikuwa ya zamani, ya kabla ya mkosi. Amri ya vumbi ilikuwa imetuokoa. Nikajaribu kumweleza kwamba hata Arch iliyosasishwa isingeingiliwa kwa njia hiyo, kwa kuwa SSH ya Arch haijaungwa na xz kwa namna ilivyoungwa kwenye Debian na Fedora, lakini maelezo hayo hayana nafasi kwenye simu ya mzee aliyekwisha kugundua kwamba ana maono. Katika mkutano uliofuata wa wanachama alilitaja jambo hilo baada ya sala na kabla ya bei ya maziwa. Alipigiwa makofi.

Kilichokuja kuivunja amri ni printa. Karani aliletewa printa ndogo ya risiti, nayo ikahitaji kifurushi kimoja, kidogo, cha kuendeshea. Nikakiomba. Nikajibiwa hakipo. Hii ndiyo tabia ya Linux ya wenye haraka ambayo hakuna anayekutangazia siku ya harusi: maghala yake hubeba toleo la sasa tu. Orodha iliyokuwa kwenye mashine yetu ilikuwa ya miezi mingi nyuma, na kila kilichokuwa ndani yake kilikwisha kuondolewa rafuni. Ungeweza kuisasisha orodha peke yake na kuchukua hicho kimoja, lakini hapo kifurushi kipya huja na maktaba mpya ambazo wenzake wa zamani hawazijui, na wenye Arch wamesema waziwazi kwamba ukifanya nusu nusu hivyo shauri yako. Kwa hiyo, ili cucu apate risiti ya karatasi, ilibidi mashine nzima ibadilishwe ngozi.

Nikaanza jioni, watu wakishaondoka. Kila kifurushi kilichofika kilikataliwa kwa tuhuma ya kughushiwa. Hakikughushiwa, waliotia saini walikuwa wameongezeka na kubadilika, na sisi tulikuwa na orodha ya watia saini wa zamani. Dawa yake ni kusasisha kwanza kifurushi cha funguo peke yake. Vikashuka, gigabaiti juu ya gigabaiti. Vikaanza kufunguliwa. Mvua nayo ikaanza. Stima ya Molo wakati wa mvua haihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kupitisha usiku kati ya Elburgon na Mau Summit. Ilikwenda wakati keneli ya zamani, yaani kiini cha mfumo, imekwisha kufutwa na mpya haijamaliza kuandikwa, dakika ambayo ningeichagua ya mwisho kabisa kama ningeulizwa.

Ushirika una UPS, nisije nikausingizia. Ilikuwa inazuia mlango wa stoo usigonge kwa upepo. Betri yake ilitolewa kitambo, kwa sababu mlango hauhitaji betri.

Stima iliporudi mashine ilifika mpaka mahali ikasimama, ikiwa na kishale kimoja kikipepesa. Dawa ipo na si ngumu: unawasha kwa flashi yenye Arch, unaingia ndani ya diski yako kwa mlango huo, unavisakinisha vifurushi upya, unatengeneza keneli, basi. Kinachotakiwa ni flashi. Saa tatu ya usiku, Molo, mvua. Askari akampigia mpwa wake ambaye ni manamba wa matatu, naye akaja amelowa chapachapa, flashi ikiwa imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ilijaa mugithi. Alikubali kuitoa kwa sharti kwamba hakuna wimbo hata mmoja utakaopotea, akasimama nyuma yangu akihakiki majina, moja baada ya jingine, wakati nikizihamishia kwenye kompyuta ya karani. Nimefanya kazi na wakaguzi wa hesabu wasio makini hivyo.

Kulipokucha mashine ilikuwa hai. Printa ilikuwa inatoa risiti. Nami nilikuwa nimeandika ombi kwa kamati.

"Naomba tuhamie Debian," nikasema kikao kilipofunguliwa.

Mweka hazina ni mzee aliyelima pareto miaka mingi na hajasahau deni hata moja. Akanyanyua kichwa. "Hii tuliyo nayo ni bei gani?"

"Bure, mzee."

"Na hiyo unayoitaka?"

"Bure pia."

"Iliyo mpya ni ipi?"

"Hii tuliyo nayo."

"Na hiyo yako?"

"Programu zake ni za mwaka jana. Nyingine za mwaka juzi."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Yaani unatuomba tuache kipya cha bure, tuchukue cha zamani cha bure."

Nikasema ndiyo.

"Umekula?"

Nilikuwa karibu kushindwa. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa upande wa Keringet, ambaye kwa kawaida huzungumza bei ya chakula cha ng'ombe tu. Akauliza kama shida za hicho cha zamani zinajulikana. Nikamwambia zinajulikana, nyingi zimerekebishwa, na za usalama huletewa viraka bila kubadilishiwa programu nzima. Na za kipya? Za kipya hatuzijui mpaka zitukute, mama. "Basi tunabishana nini?" akasema, akarudi kwenye kusuka kikapu chake. Hoja ikapita. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba msimamo wake siku zote ulikuwa ni kutogusa.

Kukawa na maswali mengine. Mmoja alitaka kujua kama kompyuta itazungumza Kiswahili, na wengine wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili kitupu. Mwingine akauliza hilo toleo letu jipya la zamani linaitwaje. Linaitwa Bookworm, Debian ya 12, iliyotoka Juni 2023. Nikawaeleza pia kwamba ile Debian isiyotulia ina jina moja la kudumu, Sid, yule mtoto wa jirani kwenye filamu anayevunja wanasesere. Mweka hazina aliandika jina hilo pembeni na kulipigia mstari, nadhani kwa ajili ya kumtambua akija kuomba mkopo.

Nisionekane kuwapiga vita wenye haraka wote. Tumbleweed hupimwa na mashine kabla ya kutolewa, na kwa mpangilio wake wa kawaida hupiga picha ya diski kabla ya kila sasisho ili ukiharibikiwa urudi jana. Wapo watu duniani wanaoendesha seva za Arch kwa miaka bila kisa, kwa kuwa wanasoma matangazo, wana seva ya pili ya kujaribia, na UPS yao ina betri. Hata kompyuta yangu ya mkononi ina Arch mpaka leo, na naisasisha kila asubuhi nikinywa chai. Ikivunjika, anayeumia ni mimi, na wala si foleni ya buti za mpira.

Seva ya maziwa iko kwenye Bookworm, ambayo imeahidiwa viraka vya usalama mpaka Juni 2028. Haijanipigia simu usiku tangu tuhame. Soksi zinaendelea kukauka.

Kwa hiyo wewe unayetunza mashine ya pesa za watu, ukiwa huna mtu wa kuikagua kila wiki, weka Debian uende ukalale. Ukiwa naye, weka chochote anachokitaka, ila muulize kwanza kama ametuma maombi ya kazi Nairobi.